Dripu ya Glukosi Haiongezi Nguvu

Mavuno ya mahindi yakianza Songea, ombi la kila kuli ni lile lile: "Dokta, mwili hauna nguvu, nitundikie dripu ya glukosi." Malaria hana, sukari iko sawa, jana usiku kala ugali akashiba. Nikikataa ananuna, kesho nasikia katundikiwa mtaani kwa pesa yake.

Basi tupige hesabu. Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 tu za sukari. Ni vijiko sita vya chai; vikombe viwili vya chai kwa mama ntilie umeshazipata, tena bila sindano. Robo kilo ya unga ukiisonga ugali, wanga wake unapita gramu 150. Utaniambia ulipata nafuu. Ndiyo, ulilala kwa saa tatu mchana, jambo ambalo msimu huu hujalifanya, na kama ulikaukiwa, maji yalikusaidia. Maji hupita mdomoni pia.

Wala sukari hiyo haikai kwenye damu ikisubiri ubebe gunia. Insulini huiingiza kwenye ini na misuli, ambako huunganishwa kuwa minyororo yenye matawi, yaani glikojeni. Ini la mtu mzima aliyeshiba huweka kama gramu 100, misuli yote kama 400, ila akiba hizi si za namna moja. Ini ni ghala la NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula: homoni ya glukagoni ikiagiza, glikojeni huvunjwa, sukari ikasafirishwa kwenye upungufu, ubongo ukiwa wa kwanza. Msuli ni kihenge cha nyumbani. Hauna kimeng'enya cha kuitoa sukari nje, kwa hiyo kilichomo huliwa humo humo. Kuli aliyepakia magunia kutwa amekomba kihenge cha mapaja na mgongo, na kukijaza ni kazi ya milo ya siku nzima na usingizi. Gramu 25 zitaziba nini?

Dripu ina wenyewe: mtoto mwenye malaria kali ambaye sukari imeshuka, au aliyekesha kwenye komoni bila kula, akiba ya ini ikaisha huku pombe ikilizuia kutengeneza sukari mpya. Hata hao hupimwa kidoleni kwanza.

Ninyi wengine: kuleni, kunyweni maji, laleni. Uchovu ukipita wiki mbili, pima wingi wa damu, sukari na kifua kikuu. Mwenye kisukari akitetemeka na kutoka jasho kwa sukari kushuka, naye ana fahamu, apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akizimia, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.