Rangi ya logo inabadilika kwenye banderoli: shida inaanzia wapi?

Mutu anaona logo yake kwenye kompyuta, bluu ya kung'aa. Siku ya sherehe banderoli inafika na bluu inayoelekea zambarau. Hapo ndipo mabishano yanaanza: nani atalipa ingine?

Mara nyingi mashine haina kosa. Ekrani inatengeneza rangi kwa mwangaza mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapisha inarusha matone madogo ya wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi za mwangaza ambazo wino hauwezi kufikia, zaidi bluu na kijani kikali. Mimi niliisha kuona kijani cha shirika moja kikatoka kama majani makavu.

Logo iliyochorwa kwa mistari, si picha, ukiikuza hata mita 3 kingo zake hazivunjiki. Lakini hiyo inalinda umbo, hailindi rangi. Kwa hiyo mbele ya kutuma faili, uliza mwenye mashine kama anataka rangi za ekrani ao za wino. Usigeuze kwa kubahatisha: programu ya mashine ikigeuza tena, rangi zinachafuka.

Maandishi yageuze kuwa michoro, juu kompyuta ingine inaweza kukosa aina ile ya herufi. Kiisha hifadhi kwa PDF, si JPEG.

Na omba kipande cha majaribio kwenye plastiki ile ile, ukitazame nje, kwa jua, mbele ya kulipa banderoli nzima.