Nyati Yuko Mokowe, Bunduki Iko Arusha

Kuanzia stendi ya mabasi ya Mokowe mpaka jetini, maduka yanauza simenti, mabati, petroli ya mashua na mchele wa kuvusha kisiwani Lamu. Risasi hakuna. Ukishika lami kurudi upande wa mji wa Hindi, huchelewi kuingia nchi ya nyati: mashamba ya mahindi, simsim na mikorosho yamepakana na vichaka, na vichaka vinakwenda kaskazini mpaka hifadhi za Dodori na Boni, ambazo zote mbili zilitangazwa mwaka 1976. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Mei 1977, serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima. Tangu hapo Lamu ina mnyama ambaye wageni hulipa fedha nyingi kumfuata kwingineko, na haiuzi hata ukwato.

Biashara ya uwindaji haikufa; ilihama. Chombo chake kikuu, yaani bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa, kimebaki na soko lake, viwanda vyake na mabishano yake. Wapenzi wa bunduki watakukalisha usiku kucha wakilinganisha nguvu za risasi hii na ile. Ukifuatilia historia yake hapa Afrika Mashariki, hata hivyo, utaona kwamba risasi iliyotawala haikuwa yenye nguvu kuliko zote. Ilitawala kwa sababu sheria iliikubali na viwanda havikuacha kuitengeneza.

Kaliba ni upana wa mtutu, na Waingereza waliupima kwa sehemu za inchi. Bunduki ya .375 ina mtutu wa karibu milimita tisa na nusu. Kichwa cha risasi yake ya kawaida kina gramu 19, hutoka mdomoni kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde, na hubeba jouli zinazokaribia 5,800. Ya .470, inayotumiwa zaidi kwenye bunduki za mitutu miwili, ina kichwa cha gramu 32 kinachokwenda polepole zaidi, kama mita 655, lakini jouli zake zinafika karibu 7,000. Tofauti hiyo bega hulijua mapema. Mteja anayeogopa kitako cha bunduki yake hufumba macho anapofyatua, na nyati aliyejeruhiwa akaingia kichakani ni hasara kwa kila mtu: mteja hutozwa ada ya mnyama hata asipompata, na mwindaji bingwa ndiye atakayeufuata ule mkondo wa damu.

Mwaka 1909 aliyekuwa rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa na shehena ya silaha: Springfield ya .30-06, Winchester ya .405, na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na marafiki zake Waingereza. Safari yake ilitayarishwa na kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi, na yeye na mwanawe Kermit wakaangusha wanyama 512. Kwa wafanyabiashara wa Nairobi hilo lilikuwa tangazo ambalo fedha zao wenyewe zisingelinunua. Kuanzia hapo tajiri wa ng'ambo akajua kwamba Afrika Mashariki kuna mtu wa kumkodishia wapagazi, mahema, wapishi na wafuata nyayo.

W. D. M. Bell alikuwa mtu wa aina nyingine. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa pembe, akiingia Karamoja kutokea Mumias, na bunduki aliyopata nayo jina ni ndogo kwa kiwango chochote: ya milimita 7, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Aliua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake, wengi wao kwa risasi ngumu nyembamba zilizopenya mpaka kwenye ubongo. Wapo wanaomtaja Bell kuthibitisha kwamba kaliba si kitu. Hawaongezi kwamba alikuwa na shabaha ya ajabu, kwamba tembo wa enzi hizo walikuwa hawajaizoea bunduki, na kwamba hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya leseni. Alichokijua Bell ni hesabu za duka: risasi ya kijeshi ya Kijerumani ilitengenezwa kwa wingi, ilikuwa nyepesi kubebwa, na haikugoma.

Wajerumani nao walikuwa na walowezi wao katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Mwaka 1905 fundi wa Berlin, Otto Bock, alitengeneza risasi ya 9.3x62 iliyoingia kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser bila kuhitaji bunduki ya kusukwa upya. Mkulima wa Kijerumani akapata silaha ya kuzuia kiboko shambani kwa bei aliyoimudu, wakati Mwingereza alikuwa akiagiza London bunduki ya mitutu miwili iliyochukua miezi kukamilika. Sifa nyingi za uwindaji zimekwenda kwa Waingereza. Kwa mtu wa kipato cha kati, naona Bock alitoa jibu bora kuliko wote.

Kisha zikaja risasi mbili zilizozaliwa kwa kufuatana, .416 ya Rigby mwaka 1911 na .375 ya Holland & Holland mwaka 1912, na hapa ndipo somo la uchumi lilipo. Ya Rigby ina nguvu zaidi, lakini ilibaki mali ya nyumba moja ya London. Ya Holland iliingia soko la wote, na mwaka 1937 kiwanda cha Winchester cha Marekani kikaiweka kwenye bunduki yake ya Model 70 iliyouzwa madukani kama bidhaa nyingine. Miaka ya 1960 Kynoch, kiwanda cha Uingereza kilichokuwa kikitengeneza takriban risasi zote kubwa za kikoloni, kikaacha kuzitengeneza. Bunduki za thamani ya nyumba zikageuka mapambo ya ukutani, maana chakula chake kimekwisha. Winchester walikuwa tayari na jibu tangu 1956, yaani .458, nayo ikaenea kwa wawindaji mabingwa na idara za wanyamapori kote barani, ingawa risasi zake za mwanzo zilishindiliwa baruti kupita kiasi na nyingine zikatoka dhaifu. Ya Rigby ilinusurika kwa tundu la sindano na leo inatengenezwa tena. Kampuni zenyewe zimebadilisha mikono: Rigby ilinunuliwa mwaka 2013 na kundi lenye kumiliki pia Mauser na Blaser, na Holland & Holland ikachukuliwa na Beretta ya Italia mwaka 2021.

Bei za leo zinaeleza yaliyobaki. Bunduki ya .375 ya komeo kutoka kiwanda cha kawaida hupatikana Marekani kwa chini ya dola 2,500. Ya mitutu miwili ya Holland & Holland hupita pauni 100,000. Risasi moja ya .470 inazidi dola 10, ya .375 huwa nusu ya hapo au chini zaidi. Mashirika ya ndege nayo humruhusu abiria kilo tano tu za risasi, na kadiri kaliba inavyonenepa ndivyo idadi inavyopungua ndani ya kilo hizo. Kisha begi likipotelea uwanjani, duka la Arusha, Tanzania, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na .375 kuliko kitu chochote chenye jina la Kiingereza lenye madoido.

Sheria inamalizia kazi. Katika uwindaji wa kitalii Tanzania, .375 ndiyo kiwango cha chini kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Mtu mwenye bunduki moja ya kaliba hiyo ameruhusiwa kuanzia pofu mpaka tembo, kwa kubadilisha tu risasi laini na risasi ngumu. Hakuna ubishi wa kambini unaoweza kushindana na urahisi huo.

Tanzania yenyewe haikuanza vizuri. Ilifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua tena 1978, mara tu baada ya Kenya kufunga. Mabingwa wa Nairobi wakajikuta hawana kazi: chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1934, kikavunjwa 1977, na tuzo ya kila mwaka ya mwindaji bora, iliyobeba jina la duka la bunduki la Shaw & Hunter, ikapoteza sababu ya kuwepo. Wengi walivuka mpaka wa Namanga. Kwa miaka mingi Tanzania iliuza simba na tembo kwa safari ndefu za siku 21 pekee, na safari kama hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Vitalu hivi sasa vinagawiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania, na tangu 2019 kwa mnada wa mtandaoni. Biashara hiyo ina nyufa zake: Marekani ilisitisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania mwaka 2014, na mwaka 2019 eneo kubwa la Selous lilitolewa kwenye uwindaji kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Turudi Lamu, ambako marufuku ya 1977 haikumgusa mgeni peke yake. Waboni wa Basuba, Mangai na Milimani waliishi kwa uta, mshale wa sumu na asali. Siku moja wakawa majangili kisheria, bila leseni wala mbadala wa nyama. Mwaka 1960, kabla ya uhuru, serikali ya kikoloni ilijaribu mpango wa Galana wa kuwapa Wawata, wawindaji wenzao wa uta, kazi ya uwindaji halali baada ya kuwafunga wengi wao. Waboni hawakupata hata jaribio la aina hiyo.

Silaha halali inayoweza kumkabili nyati karibu na Mokowe leo ni ya serikali. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hubeba zaidi bunduki za kijeshi kama G3, ya risasi ya 7.62, yenye kichwa cha gramu tisa na nusu na jouli kama 3,300. Iliundwa kwa ajili ya binadamu. Nyati huanguka nayo, lakini kwa risasi nyingi na hatari zaidi kwa anayefyatua, na kumtuma kijana kichakani na silaha hiyo ni kumwekea akiba ya senti badala ya roho.

Mjadala wa kurudisha uwindaji nchini Kenya huja na kuondoka. Bunge lilipitisha mswada mwaka 2004 na Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Mwaka 2018 Waziri Najib Balala aliunda jopo la kuangalia matumizi ya nyama na mazao ya wanyamapori. Sidhani Lamu ingefaidika upesi hata sheria ikilegezwa kesho. Thamani ya kitalu ni utulivu wake, na msitu wa Boni umekuwa uwanja wa operesheni ya usalama tangu Septemba 2015, mwaka mmoja na ushei baada ya mauaji ya raia katika mji wa Mpeketoni, humu humu Lamu. Kuna mbung'o. Kuna bandari mpya iliyopokea meli zake za kwanza Mei 2021, na ukanda wa barabara unaokata njia za wanyama. Kampuni ya Arusha ikiangalia ramani hiyo itaweka fedha zake kwenye mapori ya Rungwa au Moyowosi, kwao Tanzania.

Kwa hiyo fedha pekee anayoweza kuileta nyati kwa mkulima wa Hindi ni fidia. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na mpaka milioni 2 kwa jeraha jingine. Mazao hulipwa kwa bei ya soko. Madai hupitia kamati ya kaunti kwanza, kisha Nairobi, na shamba la simsim halingoji.