Kuwinda pronghorn Marekani? Uliza haya kabla ya kutuma pesa

Uko Marekani kimasomo au kikazi, na wenzako wanapanga kwenda kuwinda Wyoming? Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, hivyo huenda mambo haya ni mageni kwako.

Pronghorn anafanana na swara, lakini jamaa zake wa karibu zaidi ni twiga na okapi. Hukimbia karibu kilomita 90 kwa saa na macho yake huona mbali. Ndiyo maana wageni wengi hukodi mwongozaji.

Sasa skiza: kulipia mwongozaji si kupata leseni. Leseni za wasio wakazi wa jimbo kwa kawaida hutolewa kwa droo. Ukikosa, je, malipo yako ya awali yatarudishwa? Pata jibu kwa maandishi.

Hakikisha pia ana leseni ya bodi ya jimbo inayosimamia waongozaji. Uliza bei inagharimia nini: malazi, usafiri, kuchuna na kuhifadhi nyama?

Tena, ikiwa ulizaliwa 1966 au baadaye, utadaiwa cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji. Anza nacho.

Akikuharakisha ulipe leo leo, tafuta mwingine.