Somo la Kiingereza: Maneno Madogo Yanayofunga Sentensi

Wenye daftari wafungue ukurasa mpya. Wasio na daftari wasikilize tu, maana mifano ya leo naisema polepole, kila mmoja mara mbili. Katika karatasi hii umeandikwa mara moja.

Leo hatujifunzi majina ya vitu wala ya vitendo. Tunatazama maneno madogo madogo ambayo kwayo Kiingereza hufunga fungu moja la maneno na fungu jingine. Yapo ya namna mbili: viwakilishi, kama "he", "she", "it" na "who", na viunganishi, kama "and", "but", "because" na "unless". Kiswahili kazi hiyo mara nyingi hukifanya ndani ya kitendo chenyewe, kwa silabi moja tu. Kiingereza huweka neno zima peke yake, na hapo ndipo tunapojikwaa.

Naanza na barua. Tuseme mama yako mzazi amelazwa hospitali, nawe unamwandikia mkubwa wako wa kazi kuomba ruhusa ya siku tatu. Unaandika: "My mother and my brother came on Monday. He is in hospital. He needs me." Wewe wajua kuwa unamsema mama. Lakini mkubwa wako anasoma "he", na kwake mgonjwa ni kaka. Basi anajibu kwamba kaka yako anaye mama yake wa kumwangalia, endelea na kazi. Ruhusa imepotea kwa kukosa herufi moja, ile "s" ya "she".

Kosa hili si la ujinga, latoka katika lugha yetu wenyewe. Tukisema "amelazwa", ile "a" haituambii kama ni mwanamume au mwanamke, wala hatuoni kasoro yoyote. Kiingereza kinadai kujua. Mimi nawashauri hivi: kabla hujafunga bahasha, isome barua mara moja zaidi ukitafuta "he" na "she" tu. Kila ukikuta mojawapo, weka kidole juu yake ujiulize, ni nani huyu?

Na kama humjui mtu mwenyewe? Kwa mfano, mtu alipiga hodi ukiwa ndani, akaenda zake kabla hujamwona. Waingereza husema "Somebody came, but they did not wait." Hiyo "they" hapa ni mtu mmoja, wala si makosa mapya ya vijana, imetumika hivyo tangu karne ya 14.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana si kila mara Kiingereza ndicho kinachoona zaidi. Sikilizeni sentensi hii: "I took the bicycle off the lorry because it was damaged." Kilichoharibika ni nini? Baiskeli, au lori? Kwa Kiswahili hakuna shaka. Ukisema "kwa sababu lilikuwa limeharibika", ni lori. Ukisema "kwa sababu ilikuwa imeharibika", ni baiskeli. Kiingereza kina "it" moja tu kwa vitu vyote hivyo. Nanyi mwajua kwamba jambo hili si dogo pale mwenye lori anapodai nauli yote na wewe unadai irudishwe. Ukiiandika sentensi ile katika malalamiko yako, umempa nafasi ya kusema baiskeli yako ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Dawa yake ni rahisi: rudia jina. Andika "because the lorry was damaged". Wengi tulifundishwa shuleni kwamba kurudia jina ni ubaya wa uandishi. Mimi sikubali. Ni afadhali barua nzito inayoeleweka kuliko barua nyepesi inayokukosesha nauli yako.

Tuje kwenye "who" na "whom". Sisi husema, "Mtu niliyemwona jana ni mjomba wangu." Ndani ya "niliyemwona" mnasikia "ye", tena mnasikia "m", zote mbili zamtaja mtu yule yule. Basi tunapogeuza kwa Kiingereza tunataka kumtaja mara mbili, tukasema "The man whom I saw him." Hiyo "him" itoeni. "Whom" imekwisha kukaa mahali pake. Na katika mazungumzo ya kila siku hata hiyo "whom" haisikiki sana: "The man I saw yesterday is my uncle." Msishangae mkiisikia, ni Kiingereza kizuri.

Lakini jihadharini. Neno hilo huachwa pale tu ambapo mtu yule ndiye aliyetendewa jambo. Kama yeye ndiye mtendaji, lazima libaki: "The man who came yesterday is my uncle." Ukisema "The man came yesterday is my uncle", msikilizaji atadhani sentensi imekwisha kwenye "yesterday", kisha atapotea.

Kuhusu "and" sina maneno mengi. Kwa Kiswahili tunasema "alikuja, akala, akalala", na ile "ka" inafunga yote. Kwa Kiingereza ni "He came, ate and slept": mtu ametajwa mara moja, na "and" imekuja mbele ya tendo la mwisho.

"Although" nayo ina mtego mmoja. Sisi husema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda", wala hakuna anayetugombeza. Kwa Kiingereza chagua moja: "Although it rained, we went", au "It rained, but we went". Zote mbili pamoja hazikai.

Sasa fungueni masikio. "Pesa zikifika, nitakulipa." Ile "ki" ina maana mbili: yaweza kuwa pesa zitafika bila shaka, na yaweza kuwa huenda zisifike. Kwetu sauti na uso wa msemaji husaidia, lakini barua haina uso. Kiingereza kinakulazimisha kuchagua. "When the money arrives, I will pay you" ni ahadi. Kinachongojwa ni siku tu. "If the money arrives, I will pay you" ina shaka ndani yake, na mwenye duka akiisoma hatakukopesha hata kibaba cha unga. Tena angalieni, baada ya "when" na "if" hizo hatukusema "will arrive", ijapokuwa pesa hazijafika. "Will" imekaa upande wa malipo tu.

La mwisho ni "unless", na hili ndilo linalowapotezea watu haki zao. Tuseme umepokea karatasi imeandikwa: "You will not be paid unless you sign this form before Friday." Msomaji mwenye haraka anaona "not be paid", anavunjika moyo, anaitupa. Kumbe inasema hutalipwa usipotia sahihi kabla ya Ijumaa. Maana yake, kalamu yako ndiyo inayongojwa. "Unless" ni "if" iliyokwisha kumeza "not" yake. Kwa hiyo usiiongezee "not" nyingine. Ukiandika "unless you do not sign", umegeuza maana yote juu chini.

Haya, kazi ya nyumbani. Geuzeni sentensi hizi tatu kwa Kiingereza:

Dada yangu na mume wake walifika jana, lakini ni mgonjwa.

Akija, mpe barua niliyoiandika.

Hutaingia usipoonyesha tiketi.

Katika ile ya kwanza itakupasa kuamua kwanza mgonjwa ni nani, maana Kiswahili hakikusema. Katika ya pili, amua kama una hakika atakuja. Ya tatu ijaribuni kwa "if", kisha kwa "unless". Tutazisahihisha pamoja mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.