Fundi Asiye na Mwajiri Apimwe na Nani?

Jua halijapanda sawasawa, lakini Gerezani, jijini Dar es Salaam, nyundo zimekwisha kuanza kulia. Huyu anachomelea geti, yule anakata bati, na wa tatu anapuliza rangi. Hali ni hiyo hiyo kwa maseremala wa Keko na wachonga vinyago wa Mwenge. Hawa ndio wanaotutengenezea vitanda tunavyolalia, milango tunayojifungia na majiko tunayopikia. Je, afya yao inatazamwa na nani?

Katika kiwanda kikubwa jibu linajulikana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake na kuhakikisha kwamba wanapimwa afya. Mfanyakazi akiumia, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao huchangiwa na waajiri. Taratibu hizo ni njema, lakini zimesimama juu ya nguzo moja, nayo ni mwajiri. Fundi aliyejiajiri hana nguzo hiyo. Mwenye karakana ndogo naye, ingawa kisheria ni mwajiri, aghalabu hana fedha wala daktari wa kumwendea. Siku anapougua, jiko la nyumbani nalo hulala.

HOMA ISIYO MALARIA

Fundi anapochomelea mabomba au mabati yaliyopakwa zinki, moto huigeuza zinki hiyo kuwa moshi mweupe. Akiuvuta kwa wingi, saa kadhaa baadaye hushikwa na homa, baridi, na maumivu ya kichwa na viungo. Wakati huo amekwisha fika nyumbani, na kila mtu humwambia kuwa ni malaria. Hununua dawa dukani bila kupimwa. Na kwa kuwa homa hiyo huondoka yenyewe baada ya siku moja au mbili, huisifu dawa, kisha huurudia moshi ule ule.

Ni kweli kwamba kila mwenye homa sharti apimwe damu, maana malaria haina mzaha. Lakini kipimo kisipoonyesha vijidudu, lipo swali la kuulizwa: "Unafanya kazi gani?" Swali hilo si geni. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, akawahimiza matabibu wenzake wamwulize mgonjwa kazi yake.

Yapo madhara mengine yajayo polepole. Vumbi la mbao na moshi wa kuchomelea vyote vimo katika orodha ya kimataifa ya vitu vinavyosababisha saratani. Moshi huo uliingizwa katika kundi hilo mwaka 2017. Makelele ya mashine nayo huua usikivu kidogo kidogo, na usikivu uliokufa kwa namna hiyo haurudi.

HATARI HUFIKA NYUMBANI

Madhara hayo hayamwishii fundi peke yake. Anayefungua betri kuukuu hurudi nyumbani na vumbi la risasi katika nguo na nywele. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na mwili wa mtoto mdogo unaweza kufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Kwa hiyo baba au mama mwenye kazi hiyo avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumpakata mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

HUDUMA IMFUATE FUNDI

Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulitaka huduma za afya zisogezwe karibu kabisa na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Mkataba Namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, nao unazungumzia huduma za afya kazini kwa wafanyakazi wote, pamoja na wanachama wa vyama vya ushirika vya uzalishaji. Tena unaruhusu sehemu kadhaa za kazi kuwa na huduma moja ya pamoja.

Hapo ndipo penye njia. Mafundi wa eneo moja, wakiwa na umoja wao, waweza kukubaliana na zahanati ya jirani. Fundi atasema kwamba siku ya kwenda kupimwa ni siku ya kukosa riziki, na hasemi uongo. Basi mwuguzi na awafuate katika karakana kwa siku iliyopangwa, awapime macho, masikio, kifua na shinikizo la damu, na aandike kazi ya kila mmoja katika kadi yake. Umoja nao uchangishe fedha za kununulia vioo maalumu vya kuchomelea, kwani miwani ya jua haitoshi kuyakinga macho. Halmashauri zitenge fungu kwa kazi hiyo, maana mafundi hao nao ni walipa ada na kodi.

Wakati mipango hiyo ikingojewa, lipo jambo lisilohitaji fedha wala kikao. Ndugu fundi, utakapokwenda zahanati, hata kama hukuulizwa, mwambie tabibu kazi unayoifanya, vitu unavyovishika, na miaka uliyokaa navyo.