Mbio za Kilometa 42: Lini Uvumilie, Lini Usimame



Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico City, wanaume 75 walianza mbio za marathoni za Olimpiki. Waliomaliza walikuwa 57. Wa mwisho kabisa kati ya hao 57 alikuwa Mtanzania. Ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Leo tutazungumza habari zake, kwa sababu watu wengi wanazijua nusu tu. Nusu hiyo inaweza kumdhuru mtu anayeanza kukimbia.

Marathoni ni mbio za kilometa 42 na mita 195. Kutoka Urambo hadi Tabora ni kama kilometa 90. Basi fikiria kukimbia karibu nusu ya njia hiyo kwa miguu yako mwenyewe, bila kupanda baiskeli hata mara moja.

Mexico City uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Hapa kwetu ni kama nusu ya hapo. Mahali pa juu hewa ni nyepesi. Mtu anavuta pumzi ile ile, lakini anapata oksijeni kidogo. Akhwari hakuwa amefanya mazoezi mahali pa juu kama pale. Misuli yake ikaanza kukaza. Kisha, karibu na kilometa ya 19, wakimbiaji walisongamana na kugongana. Akhwari akaanguka. Goti likateguka, na bega likapiga barabara kwa nguvu.

Alifungwa bendeji, akasimama, akaendelea. Mara alikimbia, mara alitembea. Alipoingia uwanjani jua lilikuwa limekwisha zama. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari alimaliza kwa saa 3 na dakika 25. Watu wachache waliobaki uwanjani walimpigia makofi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, bali ilimtuma amalize.

Hiyo ndiyo nusu inayojulikana. Sasa sikia nusu ya pili.

Katika mbio hizo hizo alikuwepo Abebe Bikila wa Ethiopia. Huyu alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1960, akikimbia bila viatu. Akashinda tena mwaka 1964. Mwaka 1968 alifika Mexico City akiwa ameumia mfupa wa mguu. Kabla ya kufika nusu ya njia alisimama. Akaacha mbio.

Je, Bikila alikuwa mwoga? Hapana. Alijua kwamba mfupa ulioumia haufanyiwi ubishi.

Mimi ninayeandika safu hii namheshimu sana Akhwari. Lakini kijana wa Urambo akiniuliza kama aendelee kukimbia na goti lililoteguka, nitamwambia aketi chini na kuita watu. Akhwari alikuwa mkimbiaji wa miaka mingi, na alipata bahati. Mwaka 1970 alikimbia tena marathoni kule Edinburgh, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa 5. Si kila goti hupona hivyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu anayekimbia marathoni kwa mara ya kwanza ana kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuvumilia. Kazi ya pili ni kujua ni maumivu gani ya kuvumiliwa.

Nguvu zinakwenda wapi?

Wakimbiaji wapya wengi hushangazwa na jambo moja. Wanakimbia vizuri mpaka kilometa ya 25 au ya 30. Halafu ghafla miguu inakuwa mizito kama magogo. Kichwa kinakuwa kizito pia. Mtu anataka kulia, wala hajui sababu. Wengine hudhani wamerogwa.

Sababu iko mwilini. Chakula tunachokula, kama ugali, viazi vitamu na wali, hugeuka kuwa sukari. Sehemu ya sukari hiyo huwekwa akiba katika ini na katika misuli. Akiba hiyo ni ndogo. Kwa mtu anayekimbia kwa kasi inaweza kwisha baada ya kilometa 30 hivi. Mwili unayo akiba nyingine, nayo ni mafuta. Hiyo ni kubwa sana, hata kwa mtu mwembamba. Lakini mafuta huwaka polepole. Hayawezi peke yake kuendesha mwendo wa kasi.

Mkulima wa tumbaku ataelewa haraka. Unapokausha tumbaku katika bani, moto ni lazima utunzwe. Ukichochea moto mkubwa siku ya kwanza, majani yataharibika, na kuni zitakwisha kabla kazi haijakwisha. Mbio ndefu ni vivyo hivyo. Anayekimbia kilometa 10 za kwanza kwa fahari, ili watu wa barabarani wamshangilie, atatembea kilometa 10 za mwisho, wala hakuna atakayebaki kumwangalia.

Kipimo ni rahisi, tena hakihitaji saa. Katika nusu ya kwanza uweze kuzungumza na mwenzako kwa sentensi nzima. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo. Mtanzania Alphonce Simbu alipopata dhahabu ya dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, alimshinda wa pili kwa sehemu 3 tu kati ya sehemu 100 za sekunde moja. Baada ya kilometa 42 alikuwa bado ana akiba ya kukimbia kwa kasi mita za mwisho.

Uzito huo wa miguu unaokuja baada ya kilometa 30 ni wa kuvumiliwa. Usiogope. Tembea dakika moja au mbili. Kunywa maji yenye sukari, au kula ndizi mbivu. Kisha anza tena polepole. Usihesabu kilometa zote zilizobaki, hesabu mpaka mti ule, kisha mpaka daraja lile. Miguu ikikaza, simama, nyoosha msuli taratibu, usugue, halafu endelea. Lengelenge la mguuni linauma sana, lakini mara nyingi haliharibu mwili.

Wapagazi walijua

Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka pwani, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji. Maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo katika njia hiyo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Safari ya Tabora na Bagamoyo ilichukua miezi, si siku. Waliondoka alfajiri na kutua mizigo kabla jua halijawa kali. Kambi iliwekwa mahali penye maji. Tusiwasifu bila kusema ukweli: wengi walikufa njiani kwa ndui, kwa njaa na kwa uchovu. 

Basi na wewe anza mazoezi alfajiri, hasa mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati joto la kwetu ni kali kabla ya mvua. Kunywa maji unaposikia kiu. Usinywe kupita kiasi ukidhani ndiyo nguvu. Maji mengi mno hupunguza chumvi katika damu, na ubongo unaweza kuvimba. Mtu huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa. Watu wamekufa kwa sababu hiyo katika mbio kubwa za Ulaya na Marekani, mahali ambapo maji yalikuwa tele kila kona.

Maumivu yanayosema simama

Kuna dalili ambazo hazina ushujaa. Ya kwanza ni maumivu ya kifua, au kifua kubana, au moyo kwenda mbio bila mpango. Simama hapo hapo.

Ya pili ni joto la mwili kupanda mno. Mkimbiaji anayumba kama mlevi. Anasema maneno yasiyoeleweka, au hajui yuko wapi. Usidanganyike kwa sababu bado anatoka jasho. Huyu anaweza kufa kwa muda mfupi. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Fanyeni hayo kwanza, huku mwenzenu mmoja akitafuta usafiri wa kwenda kituo cha afya.

Ya tatu ni maumivu makali ya mahali pamoja katika mfupa au kiungo, yanayozidi kwa kila hatua. Uchovu hutembea mwili mzima, lakini mfupa ulioumia huuma pale pale. Kumbuka Bikila.

Na kuna dalili ya kabla ya kuanza: homa. Mtu mwenye homa asikimbie kabisa, hata kama amejiandaa mwaka mzima. Homa na mbio ndefu pamoja huweza kuudhuru moyo. Kwetu homa inaweza kuwa malaria. Nenda zahanati upimwe, ukikutwa na malaria umalize dozi yote ya dawa mseto, na usubiri nguvu zirudi. Mwenye ugonjwa wa selimundu, au wa moyo, asianze mazoezi haya bila kuzungumza na daktari. Tena usimeze vidonge vya maumivu, kama diklofenaki, ili ukimbie bila kusikia. Huko ni kumziba mlinzi mdomo usiku wa wezi. Vidonge hivyo huweza pia kuziumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji.

Kujiandaa

Hapa tutasema kwa ufupi. Anayeweza kukimbia kilometa 5 bila taabu ajipe miezi minne hadi sita. Kila wiki aongeze kidogo tu. Safari yake ndefu ya mazoezi ifike kama kilometa 30, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, kisha apunguze. Asijaribu chakula kipya wala viatu vipya siku ya mbio. Maharage ayaache mpaka kesho yake. Sigara aiache kabisa, hata kama tumbaku ndiyo inayotupa fedha hapa Urambo. Na akina mama wasidhani haya ni ya wanaume: tangu mwaka 1984 wanawake nao hukimbia marathoni ya Olimpiki, kilometa zile zile 42.

Ukimaliza, usijitupe chini mara moja. Tembea polepole kwa dakika 10 hivi, kisha ule na kunywa. Siku mbili au tatu zinazofuata utainuka kitandani kama mzee, na kuchuchumaa chooni kutakuwa kazi. Hiyo ni kawaida. Lakini ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi, usingoje kesho. Misuli imeumia, na figo ziko hatarini. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, na umwambie mganga ulikimbia kilometa ngapi.