Asali ya Tabora: Safari ya sokoni huanzia kwa seremala

Ndoo ya lita 20 ikijazwa asali huwa na uzito wa kilo 28 hivi. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 angeutambua uzito huo begani, kwani mizigo ya misafara iliyopita Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji kwa kawaida ilifungwa kwa kilo 27 hadi 32.

Wafanyabiashara wa zama hizo walimfikiria mnunuzi kabla ya kuondoka pwani. Stanley, akinunua mahitaji ya safari huko Unguja mwaka 1871, alielezwa kuwa shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo lakini zilikataliwa kwingine. Aliyekosea rangi pwani angeweza kulala njaa bara.

Biashara ya asali mkoani Tabora mara nyingi huenda kinyume: asali hurinwa kwanza, soko hutafutwa baadaye. Mfugaji hufika mjini na ndoo zake, mnunuzi hunusa, husikia moshi, na bei hushuka papo hapo. Au masega yalikatwa kabla nyuki hawajayaziba. Maji yakizidi asilimia 20, ambacho ndicho kikomo cha kimataifa kwa asali nyingi, asali huweza kuchacha njiani. Lebo nzuri haiiponyi.

Chanzo kimojawapo ni mzinga wenyewe. Katika mzinga wa gome au gogo, masega hushikana na kuta, hivyo ni vigumu kuchagua yaliyokomaa na kuacha yenye majana. Mzinga wa sanduku wenye vipande vya mbao juu humpa mrinaji nafasi ya kuinua sega mojamoja na kulikagua.

Lakini mbao zikichongwa vibaya, faida hiyo hupotea. Kila kipande kinatakiwa kuwa na upana wa milimita 32 hivi, kwa sababu ndiyo nafasi nyuki wa Afrika huipenda. Wale wa Ulaya hutaka 35. Seremala akikosea, masega huungana, hukatika yakiinuliwa, na asali humwagika. Mnunuzi wa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800 kwa reli, anaitegemea futikamba ya fundi huyo bila kujua.

Chombo nacho kina sheria zake. Asali hunywa unyevu wa hewa, hivyo ndoo iwe ya plastiki ya chakula na mfuniko unaobana. Dumu lililobeba mafuta ya taa halifai hata lioshwe mara ngapi.

Tatizo ni gharama. Gome hupatikana bure porini, ingawa mti uliobanduliwa hufa. Mbao na misumari hununuliwa. Si haki kumtwisha mfugaji peke yake. Mnunuzi anayetaka asali safi angetoa sehemu ya fedha za mizinga mapema, zikatwe kwenye mauzo, na mkataba utaje vipimo vya mzinga, aina ya ndoo na kiwango cha maji kabla msimu haujaanza.